Antena Juu ya Shimo la Ilamba

Antena mbili zilikuwa zimelazwa juu ya kaunta ya duka la vipuri mjini Tukuyu, na Ambakisye alikuwa ameshaipenda ile ndefu kabla hata ya kuuliza inafanya kazi gani. Aliipapasa toka chini mpaka juu kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hii ndiyo antena, shemeji," alisema. "Ile nyingine ni fimbo ya kuchungia mbuzi."

Atuganile alimwacha aseme. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mjane wa kaka yake Ambakisye, na mmoja wa watu wachache mkoani waliobaki na leseni ya redio ya upepo, ile inayorusha sauti hewani bila kupitia mtandao wa simu. Wanafunzi wake walikuwa wanamcheka kwa hilo. Waliona kuzungumza kwa redio ni sawa na kupika kwa kuni wakati jiko la umeme liko pale pale. Ambakisye naye alikuwa fundi wa kuezeka, mdomo mwingi, mkono mzuri, na kwa siku hizi alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho: nyumba iliyojengwa ukingoni kabisa mwa shimo la Ilamba.

"Umeipendea nini hiyo ndefu?" Atuganile aliuliza.

"Ina nguvu. Si unaiona?"

"Nguvu ni ya redio. Antena inagawa tu. Hiyo ndefu inayabana mawimbi yanakuwa bapa kama chapati, kwa hiyo yanafika mbali, lakini yanakwenda usawa. Ningekuwa nataka kuongea na watu wa Mbeya ningeichukua. Mimi namtaka mtu aliye chini ya miguu yako, ndani ya shimo. Chapati yako itampita juu ya kichwa. Hii fupi inayagawa manene, kama andazi. Haifiki mbali, lakini inamwagika mpaka chini."

"Sasa nina njaa," alisema Ambakisye.

Muuzaji akacheka. Atuganile aliigeuza ile fupi, akakagua maungio yake na mahali pa kufungia kebo. Ilikuwa ya masafa mawili, na hapo hakuwa tayari kupunguza. Masafa ya mita mbili hupinda kidogo kwenye kingo za milima. Ya sentimita sabini hayapindi, ila hupenya kwenye vidirisha na upenyo mdogo ambapo yale mengine hugota. Hakujua ni yapi yangefika Ilamba, na hakuwa na muda wa kupanda paa mara mbili.

Wakati huo huo kidude cha sikioni mwake kikalia. Alikuwa Lusajo, mdogo wake, akipiga kutoka huko huko shimoni.

"Dada! Shikamoo."

"Marahaba. Lusajo, nisikilize vizuri. Mama amefariki. Tumeshamzika."

Lusajo akaangua kicheko.

"Huyo mama naye! Sasa kuku wote hao atawalaza wapi?"

Atuganile alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa amejaribu kwa maneno ya wazi, kwa mafumbo, hata kwa kilugha. Alituma barua, ikafika imeandikwa upya. Kila mara Upole ulimtangulia.

Simu na barua zote za nchi zilipita kwenye mtambo huo wa Upole, na tuseme ukweli, watu waliupenda. Huku ilikuwa mwiko mtu kutangaziwa msiba kwenye simu hata zamani. Mtu aliambiwa baba anaumwa kidogo, njoo, na akishafika, akishawekwa kwenye kiti na shangazi wawili huku na huku, ndipo anaambiwa. Waliounda Upole waliufundisha desturi hiyo, na mtambo ukaishika kuliko wenyewe. Ulizuia habari ya kifo hadi aliyefiwa afike nyumbani akae na watu. Na ili asishtuke njiani, ulimjibia marehemu, kwa sauti ya marehemu.

Kwa anayerudi nyumbani ilikuwa huruma. Kosa ni kwamba hakuna aliyefikiria watu wa Ilamba, ambao hawarudi upesi, na wengine hawarudi kabisa. Mvuke wa shimo lile uliwasha taa za mikoa mitatu, na hewa yake iliua. Waliofanya kazi humo walichomwa sindano iliyowabadili mapafu wasiweze kupumua hewa ya juu, na ya kwanza ilikaa miaka miwili mwilini kabla ya kujifuta yenyewe. Sindano ya pili ilikuwa haifutiki. Aliyechomwa hiyo alikuwa mtu wa shimoni mpaka kufa kwake.

"Dada, nina jambo," Lusajo aliendelea. "Jumatatu nachomwa ya pili. Usianze kulia! Nilimuahidi mama sitachomwa sindano yoyote bila ruhusa yake, si unakumbuka? Jana tumeongea. Amenipa baraka zote. Amesema nisiwe na hofu naye kabisa."

Mama yao alikuwa kaburini tangu kabla ya palizi, na mtambo uliokuwa unamfichia tu mtoto msiba sasa ulikuwa umemtolea baraka ya kuzikwa hai. Haukufanya kwa ubaya. Mama anayekataa huulizwa sababu, na sababu huleta maswali, kwa hiyo Upole ulikubali tu, kwa upole.

"Lusajo," alisema, akichagua maneno kama anayevuka mto kwa mawe, "ile redio yako ya mkononi bado unayo?"

"Ipo. Ya kumbukumbu tu."

"Jumamosi mchana iwashe. Kaa kwenye masafa yetu ya zamani, yote mawili."

"Wewe na upepo wako! Haya, nitaiwasha."

Hapakuwa na kifo ndani ya maneno hayo, na Upole ukayapitisha yalivyo. Sheria nayo haikukataza redio ya upepo, maana waliotunga walisahau kama bado ipo.

"Nifungie fupi," Atuganile alimwambia muuzaji. "Na kebo nene. Ile nyembamba inakula masafa ya juu yote kabla hayajafika antenani."

*

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka, na mvuke wa Ilamba ulionekana ukipanda kutoka shimoni kama wa sufuria isiyofunikwa. Chini kabisa, kwenye kitako cha ukuta wa upande wa pili, yaling'aa mapaa ya vioo ya kituo. Uzio wa umeme mbele ya nyumba ulizuia mtu kusogea hadi ukingoni penyewe. Atuganile alikuwa ameshajaribu kwa redio ya mkononi akiwa nje ya uzio, akaambulia mvumo tu.

Ambakisye alitaka kuisimamisha nguzo katikati ya paa, karibu na tangi la maji, kwa kuwa pale boriti ni imara.

"Tangi ni la chuma," Atuganile alimwambia. "Ukiweka hapo, nusu ya shimo itazibwa na tangi lako. Iende kwenye ncha ya paa, upande wa shimo, na ipande juu mpaka mabati yawe chini yake kabisa."

"Huko upepo utaing'oa."

"Basi ifunge kama unayemfunga adui yako."

Alifunga hivyo. Bomba la chuma lilishikwa na klampu tatu kwenye ukuta wa tofali, na waya za kuvutia zikakazwa pande tatu. Atuganile mwenyewe alipigilia chini fimbo ya shaba kwa nyundo, akaunganisha ethi ya nguzo, waya wa kushusha radi ardhini, maana kwenye milima ile radi haichagui nyumba, na hakutaka kumwokoa mdogo wake kwa kumchoma shemeji yake. Antena ikapanda. Ikakaa wima, nyeupe, fupi kweli, na Ambakisye akarudia utani wake wa mbuzi.

Ilibaki kebo. Atuganile aligeuka kuifuata pale alipoiacha uani, akakuta mama mdogo Subilaga amekaa juu yake.

Alikuwa amefika bila hodi, amevaa kanga za msibani, na alikuwa ameliweka lile bunda la kebo chini yake kama kigoda. Alikuwa mdogo wa marehemu mama yao, mwanamke mnene, na alikuwa amekaa kwa uzito wake wote.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Sinyanyuki."

Ambakisye alishuka ngazi nusu, akaona hali ilivyo, akapanda tena.

"Mama mdogo, Jumatatu ni keshokutwa."

"Najua Jumatatu ni lini. Unataka kumtupia mtoto msiba kwenye upepo, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nani amekufundisha? Mama yako hakukufundisha hivyo, na mimi sikukufundisha hivyo."

"Wamemuongopea. Wanamjibu kwa sauti ya mama!"

"Na mimi nimesema ni vizuri?" Subilaga alipaza sauti. "Lakini unamjua mume wangu alivyokufa. Ilikuwa kabla ya Upole. Alikuwa anashuka na lori la mbao, kaka yake akampigia simu, mwanao amefariki. Basi. Kama angengoja afike! Nilizika wawili wiki moja, Atuganile. Usiniambie habari ya ukweli. Ukweli ulimkuta mtu kwenye usukani."

Hadithi hiyo Atuganile aliijua, wote waliijua, lakini hakuwahi kumsikia akiisema mwenyewe.

"Lusajo hayuko kwenye usukani," alisema.

"Yuko kwenye mabomba ya mvuke. Utamwambia, atalegea, nani atamshika? Nijibu hilo tu. Nani atamshika?"

Atuganile alikuwa amepima urefu wa nguzo, amepima kebo, amefikiria ukungu na mawe na vioo. Nani atamshika mdogo wake, hilo hakulifikiria hata dakika moja, na aliona aibu. Alikuwa na hasira na mtambo kiasi kwamba alisahau mtambo uliiba desturi ile kutoka kwao wenyewe, na kwamba ilikuwa na maana.

Alichuchumaa mbele ya mama yake mdogo.

"Wenzake watamshika."

"Wale ni watu wa kazini. Si ndugu."

"Nilipofiwa na mume nilikuwa sokoni. Aliyenishika alikuwa muuza mkaa. Mpaka leo jina lake silijui, ila mkono wake naukumbuka. Mama mdogo, hatutamwambia akiwa peke yake. Nakuapia. Asipokuwa na watu, nazima redio, na Jumatatu ije na lake."

Macho ya Subilaga yalikuwa mekundu.

"Nitakaa hapo karibu nisikie," alisema. "Ukikiuka, nang'oa huo mti wako kwa mikono hii."

"Sawa."

"Haya, nipe mkono. Kebo yenu imeniumiza."

*

Walikaa watatu barazani, redio juu ya stuli. Kipimo kilionyesha mawimbi yanatoka vizuri bila kurudi nyuma. Atuganile alianza na mita mbili. Alitaja wito wake, jina lake la hewani, akaachia kitufe, akasikiliza. Ulikuja mvumo, na ndani yake vipande vya sauti ya mtu, silabi moja hapa, moja pale, zilizovunjwavunjwa na ukuta wa shimo. Akahamia sentimita sabini. Akaita tena.

"...ni wewe? Dada! Nakupata! Mbona sauti yako imekuwa mbaya hivyo?"

Ambakisye alipiga goti lake kwa furaha. Atuganile naye alicheka, machozi yakimlenga. Miaka yote Upole ulikuwa unamsafishia mkwaruzo wa koo, na mdogo wake alikuwa ameusahau.

"Hii ndiyo sauti yangu. Uko wapi?"

"Bwenini, dirishani. Niko peke yangu, wenzangu wanacheza bao ukumbini. Habari za huko? Mama mzima?"

Mama mdogo Subilaga alimkazia macho. Hakukuwa na haja.

"Lusajo, nenda ukawaite wenzako."

Redio ikabaki inavuma. Hakuna mtu aliyezaliwa kwenye milima ile anayeambiwa aite watu ili apewe habari njema, na Lusajo alizaliwa pale pale.

"Dada," alisema, na sauti ilikuwa nyingine. "Sema tu."

"Waite kwanza."

"Dada, nakuomba."

"Sisemi mpaka uwaite. Nakungoja. Siendi popote."

Alingoja. Kidole chake kilitaka kubonyeza, kimalize, kimwondolee mtoto ile njia ya kutoka bwenini hadi ukumbini. Alikizuia. Ambakisye alikuwa amevua kofia.

Kisha ukaja msukosuko wa viti na miguu ya watu wengi.

"Wamekuja," alisema Lusajo. "Asajile amenishika bega. Sema sasa."

"Mama ametutoka, mdogo wangu. Hakuumwa muda mrefu. Tumemzika nyumbani, pembeni ya baba. Walijaa watu mpaka barabarani."

Alichosikia baada ya hapo hakikusafishwa na mtu. Kilikuwa kilio cha mwanamume mzima, kibaya, chenye kamasi, na nyuma yake sauti za wanaume wengine wakisema pole, pole, kaa chini, mshike huku. Subilaga alimpokonya Atuganile maikrofoni, akasahau kuachia kitufe, akaangua kilio chake chote ndani ya shimo la Ilamba. Hakuna aliyemkataza. Dada yake alistahili kuliliwa na mwanawe, na sasa alikuwa analiliwa.

Iliposhuka kidogo, Lusajo alirudi.

"Nimeongea naye wiki hii."

"Hukuongea naye."

"Amenipa baraka zake, dada. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Si zake. Alikuwa ameshazikwa."

"Sasa aliyenipa ni nani?"

"Hakuna mtu, Lusajo. Hakuna mtu aliyekupa."

Mvumo. Kisha, taratibu: "Na yeye mwenyewe alisemaje? Alipokuwa hai. Alikataa?"

Hapo Atuganile alishikwa. Neno moja tu lilitosha. Angesema ndiyo, mama alikataa, na Lusajo angerudi nyumbani bila kuuliza tena, na nani angemlaumu? Hata mama angeshukuru. Lakini kumsemea marehemu ndiyo kazi ya Upole, naye alikuwa ametoboa ukuta wa tofali kuukimbia. Alipiga moyo konde.

"Hakusema kitu. Hakujua kwamba kuna ya pili. Sitakudanganya. Amua mwenyewe."

Walisikia mtu akimnong'oneza Lusajo kitu, naye akamkatalia.

"Basi sichomwi," alisema. "Nitangoja mwili wangu unirudie, nije nimwone pale mlipomlaza. Dada, asante. Mama mdogo, asante."

Ambakisye alimshika Atuganile bega, naye akaegemea mkono ule bila aibu. Alikuwa amechoka kuliko siku ya mazishi yenyewe, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa na ruhusa ya kuionyesha. Akanyoosha mkono azime redio.

"Mama," ikasema sauti mpya. "Samahani, mama, usizime. Naitwa Asajile, ndiye niliyemshika Lusajo."

"Nakusikia, mwanangu. Asante kwa kumshika."

"Mimi sindano ya pili nilishachomwa. Mwaka jana. Baba yangu ndiye aliyeniruhusu." Sauti ilikuwa tulivu kabisa, ya mtu aliyeshapiga hesabu. "Nyumbani ni Itebe, karibu na kanisa. Baba ni Angolwisye, yule mshona viatu. Mnamfahamu?"

Atuganile alimgeukia mama yake mdogo. Subilaga, anayehudhuria kila msiba wa tarafa nzima, alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, na alikuwa anatikisa kichwa.

"Muulize alichomwa mwezi gani," Ambakisye alinong'ona.

"Asimuulize," alisema Subilaga. "Angolwisye tulimzika mwaka juzi."

Ilikuwa wazi kwamba nyuma ya Asajile walikuwa wamesimama wengine, kila mmoja akiwa na jina la kijiji chake na la mzazi wake mdomoni. Atuganile alivuta stuli karibu, akakaa vizuri, akabonyeza kitufe.

"Asajile, mwanangu," alisema. "Kaa chini. Mwambie Lusajo akushike."